Duara Katikati ya Shamba la Mbwana

Mbwana alikuwa na ekari sita katika kijiji kimoja cha Handeni, na ndani ya ekari hizo alikuwa na mahali pake pa kujivunia. Palikuwa katikati ya shamba, eneo la karibu nusu ya uwanja wa mpira. Hapo mahindi yalikuwa na kijani kilichokolea, yakapita kichwa cha mtu mrefu, na mabua mengi yakabeba magunzi mawili mawili. Mgeni akifika kwa Mbwana, kabla hata chai haijachemka, alikwishapelekwa kuonyeshwa.

"Hapa napanda kwa mkono wangu mwenyewe," alisema kila mara. "Simshirikishi mtu."

Mteremko wa kuelekea korongoni ulikuwa wa mkewe, Fatu. Walikuwa wamegawana hivyo tangu mwaka wa pili baada ya Fatu kuolewa kutoka kwao Kerenge, na sasa mtoto wao wa kwanza, Iddy, alikuwa mtu mzima anayefanya kazi Tanga. Mahindi ya Fatu yakifika magotini yalianza kupata rangi ya zambarau kwenye kingo za majani, yakadumaa, yakatoa vigunzi vya kuonea aibu. Fatu alipalilia mapema kuliko mumewe. Alipanda kwa kamba. Mwaka mmoja alirudia kupanda mteremko mzima. Haikusaidia.

"Mkono wa mama Iddy mzito," Mbwana alikuwa akiwaambia wageni, akicheka.

Fatu naye alicheka, kwa kuwa wageni walikuwepo. Lakini yalimchoma. Mbolea ikinunuliwa, Mbwana aliimwaga karibu yote pale katikati, kwa maelezo kwamba pale ndipo kazi yake inapoonekana.

Mwezi wa kwanza kijiji kiliitishwa mkutano. Alikuja bwana shamba kijana aitwaye Dunstan, wa mradi wenye ofisi Korogwe mjini, akaeleza kwamba anatafuta mashamba machache ya kupima udongo kipande kwa kipande na kuyachorea ramani, ili mkulima ajue mbolea aipeleke wapi na wapi asihangaike. Alipouliza nani yuko tayari, mkono wa Fatu ulikuwa juu kabla Mbwana hajamaliza kupiga miayo.

Dunstan alifika na bomba la chuma la kuchimbia, simu yake na furushi la mifuko. Aligawa shamba katika miraba thelathini, na katika kila mraba akachota udongo sehemu tano, akauchanganya kwenye ndoo na kufunga kiasi kidogo. Fatu aliandika namba kwenye mifuko. Mbwana aliwafuata nyuma mikono mgongoni.

"Wa pale katikati uweke alama maalumu," alisema. "Huko maabara wasije wakauchanganya na huu wa mteremkoni."

"Kila mfuko una namba yake, mzee," alijibu Dunstan.

Majibu yalichukua wiki tano. Fatu aliyafuata mwenyewe Korogwe, akalala kwa dada yake mtaa wa Masuguru, na asubuhi akawa wa kwanza ofisini. Dunstan alitandaza karatasi mezani. Shamba lao lilikuwa pale lote, na korongo lake na kona yake iliyopinda, limepakwa rangi. Kijani ni udongo ulioshiba, alieleza, njano ni wa wastani, nyekundu una njaa. Sehemu ya juu ilikuwa njano. Mteremko wa Fatu wote ulikuwa mwekundu.

"Huku fosforasi karibu hakuna," alisema Dunstan. "Ile zambarau ya majani uliyonieleza ndiyo dalili yake. Mimi na shahada yangu, mama, nisingevuna kitu hapa."

"Sema tena."

"Nisingevuna kitu."

"Kwa hiyo si mkono?"

"Mkono gani?"

Fatu alicheka mpaka karani wa chumba cha pili akachungulia mlangoni. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa mtandio, akacheka tena. Dunstan, ambaye hakujua kilichochekesha, alingoja kwa adabu.

"Kinachonishangaza ni hiki," alisema baadaye, akigusa katikati ya karatasi. Palikuwa na kijani kilichokolea, mviringo kama sinia lililobonyea upande mmoja; mpaka wake aliuchora kwa kufuata picha ya setilaiti ya mahindi ya mwaka uliopita. "Fosforasi imejaa, potasiamu imejaa. Mbolea ya dukani haifikishi kiwango hiki, wala udongo haujichori duara wenyewe. Hapa palikuwa na nini?"

Fatu hakujua. Alirudi nyumbani na swali hilo, na ramani ndani ya begi.

Mbwana aliifurahia sana ramani ile. "Si umeona? Kijani kitupu!"

"Ndiyo. Na bwana shamba anasema pale mbolea ya kupandia isitiwe hata punje, imejaa tele. Yote iende mteremkoni. Pale patapata ya kukuzia tu, tena kidogo."

Furaha ya Mbwana ilipungua. "Na hilo swali la palikuwa na nini, mwambie hapakuwa na kitu. Marehemu baba alifyeka pori tupu. Mimi nilikuwa mdogo lakini nakumbuka."

Aliyejibu swali alikuwa Yuditha. Huyu alikuwa mama wa Kimasai aliyewaletea maziwa kila siku ya pili. Asubuhi hiyo alikuta ramani imetandazwa mkekani, akainama akiwa bado ameshika kidumu.

"Mama Iddy, nani kawachorea boma la ng'ombe?"

"Boma gani? Hilo ni shamba letu."

"Hili duara. Ukubwa wake, na hapa palipobonyea, kama mlango." Yuditha alichuchumaa. "Mama mkwe wangu husema waliwahi kuishi karibu na korongo lenye mawe meupe, zamani, kabla ya kuhamia tuliko sasa. Korongo lenu lina mawe meupe?"

Lilikuwa nayo, kila mtu aliyajua.

Mbwana aliposikia kwamba bibi huyo, Siamanta, angekuja Ijumaa kuliangalia shamba, na kwamba angeletwa na mwanawe Salaash, mume wa Yuditha, hakumaliza ugali wake. Kiangazi kilichopita ng'ombe wa Salaash waliingia kwenye mbaazi zake, na wanaume hao wawili walitupiana maneno hadi mwenyekiti wa kijiji akaja kuwatenganisha. Tangu hapo walipishana njiani bila salamu.

"Wanakuja kudai ardhi," alisema. "Wewe na karatasi yako umewaletea ushahidi."

Kwa mara ya kwanza Fatu naye aliogopa.

Ijumaa, baada ya swala, walifika, Yuditha akiwa pamoja nao. Siamanta alikuwa mwembamba, mwenye shanga shingoni na fimbo nyepesi. Mbwana alimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa. Yeye na Salaash walitazamana tu. Kisha bibi aliingia shambani bila kuuliza njia. Alitembea katikati ya matuta yaliyoandaliwa kwa ajili ya masika, akageuka mara moja kulitazama korongo, akasogea hatua chache kulia na kuchomeka fimbo ardhini.

"Mlango," alisema.

Fatu alifungua ramani. Fimbo ilikuwa pale pale palipobonyea.

Bibi akaanza kuzunguka. Hapa palikuwa na nyumba yake, hapa ya mke mwenzie, pale ndama, na katikati yote ng'ombe, mia na zaidi, miaka tisa, wakilala hapo kila siku. Alipofika upande wa mashariki alisimama na kumwita mwanawe.

"Salaash, hapa ndipo nilipokuzaa. Mvua ilikuwa inanyesha, na baba yako alikuwa amejificha kwa ng'ombe kwa woga."

Salaash, jitu zima lenye ndevu zilizoanza kuota mvi, aliangalia miguu yake kama mtoto. Yuditha alicheka kwa nguvu, na Fatu naye akashindwa kujizuia.

Mbwana hakucheka. Alisimama katikati ya mahali pake pa kujivunia, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa, bibi, mnataka nini?"

Siamanta alimtazama kwa mshangao. "Nitake nini? Sisi tuliondoka, baba yako akaja, akalima. Nimetaka kupaona tu kabla sijafa. Nimepaona." Akafikiri kidogo. "Kama kuna chai, nitakunywa."

Kulikuwa na chai, na mihogo ya kuchemsha, na mazungumzo marefu. Katikati ya hayo Mbwana aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema polepole, "niliyokuwa nawaonyesha wageni ni mavi ya ng'ombe wa Salaash?"

"Ya ng'ombe wa baba yangu," alisahihisha Salaash. "Wangu ni wazuri zaidi."

Mbwana alijitahidi kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, chai ikamwagikia kanzu.

Wazo lililofuata lilikuwa la Fatu. Mavuno yakishaingia, alisema, mabua hubaki shambani na majani huliwa na mchwa. Ng'ombe wa Salaash waje wayale, na usiku walale mteremkoni ndani ya zizi la miiba, zizi likihamishwa kila baada ya siku chache mpaka sehemu nyekundu yote ikanyagwe na kupata samadi. Mbaazi zizungushiwe uzio kwanza, aliongeza Mbwana. Salaash akakubali, na uzio wakaujenga pamoja.

Masika ile mbolea ya kupandia ilikwenda yote mteremkoni, na kwa mara ya kwanza majani ya Fatu hayakuwa na zambarau. Agosti ng'ombe wakaingia. Mwaka uliofuata, baada ya samadi kuchanganyika na udongo, mahindi ya mteremkoni yalifika begani kwa Mbwana, kisha yakampita. Jioni moja alimsikia Fatu katikati yake, haonekani, akiimba wimbo wa kwao wa Kishambaa.

"Mama Iddy! Uko wapi?"

"Nitafute!"

Alimtafuta kwa muda mrefu, huku akipokewa na vicheko kila upande aliogeukia. Alipompata, Mbwana alikuwa na majani kichwani. "Kuna wageni nyumbani," alisema akihema. "Nimekuja kukuchukua. Huku uwaonyeshe wewe."

Habari zilienea. Jirani yao Sabiri, aliyekuwa hataki kusikia neno ng'ombe, alikuja kuomba zizi lihamie kwake kiangazi kinachofuata, na nyuma yake kukawa na kaya nyingine nne. Salaash alisema ng'ombe wake sasa wana foleni kama zahanati.

"Kwanza tupime," Fatu alimwambia Sabiri. "Usije ukawalaza mahali palipokwishashiba."

Jumatatu Dunstan alipowasili na ndoo zake, Fatu alikuwa amekwishagawa shamba la Sabiri miraba kwa kamba na vijiti. Alilipokea bomba la chuma, akakunja mikono ya gauni, akalididimiza kwenye mraba wa kwanza.