Laini Yenye Jina la Selina

Gervas alishinda, na ushindi ukamnyima usingizi. Mkeka wake wa mechi sita aliobeti kwa simu ulitiki wote, na fedha zake zilitosha kununua maksai wa kuziba pengo la yule aliyekufa kiangazi. Kwao Itigi mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na plau yake ilikuwa imelala tu uani. Tatizo ni kwamba laini ya simu ile haikuwa na jina lake. Kokoto za reli zilikuwa zimemla vidole miaka ishirini ya kazi, hata siku ya kusajili laini mashine ya alama za vidole ikamkataa katakata. Akasajiliwa kwa kidole cha mkewe, Selina, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ambaye kubeti alikuwa hataki hata kukusikia.

Kampuni ya kubeti ilimjulisha kwamba kwa sheria fedha nyingi namna ile analipwa mwenye jina, tena afike mwenyewe na kitambulisho. Gervas alizunguka nyumba siku mbili, ya tatu akaungama yote jikoni. Selina alijifunga kitenge cha Jumapili, wakapanda basi la Singida mjini, na njia nzima alitazama dirishani. Gervas hakuwahi kumwogopa mtu kiasi kile.

Ofisini, binti wa mapokezi aliwaamkia vizuri, akaeleza kuwa kodi ya serikali imeshakatwa. Kisha akauliza lile Gervas aliloomba Mungu lisiulizwe: sheria hairuhusu kuchezea akaunti ya mtu mwingine, je, timu hizi alizichagua mama mwenyewe? Selina hajawahi kusema uongo, hata wa kumfariji mgonjwa. Gervas alimuaga maksai wake kimoyomoyo.

"Hebu nisomee hayo majina," Selina alisema.

Binti akasoma. Alipofika la nne, Selina alianza kucheka. Alikumbuka jioni moja akibangua karanga, mumewe kamkalia karibu anamtajia timu mbilimbili na kumuuliza ipi inampendeza, naye akijibu kumridhisha tu, akidhani mzee anatafuta maongezi.

"Nilichagua mimi, zote sita," alisema. "Huyu kazi yake ilikuwa kubonyeza."

Alipokwisha kusaini, aliuliza kama sheria inamruhusu mtu kuacha kubeti moja kwa moja. Binti akasema mwenye akaunti akiomba kufungiwa, anafungiwa.

"Basi nifungie."

Nje, Selina alimshika mumewe mkono mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu harusi yao, na Gervas akafurahi mpaka akaona haya. Wakaelekea mnadani. Selina akamwambia maksai atamchagua yeye, maana imeshajulikana katika nyumba ile nani anajua kuchagua.