Kumi na Saba Kwenye Kona

Mimi ni mtu wa utaratibu, na wenzangu hunisengenya kwa hilo. Kalamu zangu zimepangwa kwa rangi. Kwa miaka kumi na moja sasa nafundisha kipindi ambacho shule yetu hapa Iowa inakiita Mikakati. Kila mwaka huletewa wanafunzi kumi na wanne wa mwaka wa kwanza wa sekondari, wale walioburuza mkia huko walikotoka, niwafundishe kupanga begi, kujaza shajara ya kazi, kujisomea, na kuongea na mtu mzima bila kuviangalia viatu vyao. Naipenda kazi hii. Mpaka Alhamisi ile ya Oktoba, niliamini pia kwamba naiweza.

Fahari yangu kubwa ilikuwa trei ya buluu. Niliibuni mwenyewe. Watoto hawa hupoteza karatasi kati ya mlango mmoja na mwingine, kwa hiyo niliagiza kila kazi ya nyumbani, iwe ya hesabu au ya sayansi, iwekwe kwenye trei mezani kwangu asubuhi. Mimi ndiye huzipeleka kwa walimu wao. Ukutani nilibandika sheria kwa herufi kubwa: KILA KARATASI IWE NA UTAMBULISHO KONA YA JUU. Ambaye karatasi yake haikuonekana aliandikiwa sifuri kwenye kompyuta asubuhi ileile, na karatasi isiyo na utambulisho ilikwenda kwenye sanduku la karatasi chakavu kila alasiri, bila kusomwa na bila kujadiliwa. Nilisema watajifunza kwa kuumia kidogo, na nilijiona mwalimu hodari.

Alhamisi hiyo, baada ya chakula cha mchana, Carl Dressler aliniwahi mlangoni. Carl ni mwalimu wa bendi ya gwaride, mtu mnene, mpole, mwenye madoa ya supu ya maharage kwenye tai. Mkononi alikuwa na orodha ya wanafunzi wanaofeli. Kwa sheria ya shule, anayefeli hachezi mpira wala haandamani na bendi kwa siku thelathini. Orodha ilikuwa inafungwa saa tisa alasiri, na Jumamosi bendi yetu ilikuwa na shindano la jimbo.

"Gretchen, dada yangu, wanyakue wote uniachie Wrenna Pruitt," alisema. "Ana kipande cha kupiga klarineti peke yake. Sina mwingine."

"Ana sifuri arobaini na moja, Carl."

"Arobaini na moja? Mtoto huyo hajakosa mazoezi hata siku moja. Huja kabla sijafungua mlango!"

"Basi bendi anaipenda kuliko shule. Hilo si kosa langu."

Carl alikunja orodha taratibu. "Unajua hana rafiki hapa zaidi ya wale wa klarineti? Ukimtoa kule, atakula wapi? Atakaa na nani?"

Nilijua. Nilimwona kila siku, msichana mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anayeingia na kutoka darasani kwangu bila kufungua mdomo. Nilimhurumia, lakini zaidi alinikera. Nilimwambia Carl sheria ni sheria, nikaingia darasani.

Somo la siku lilikuwa kumuuliza mtu mzima swali. Nalifundisha kwa hatua tatu: mwite kwa jina, sema jambo moja tu, shukuru. Niliomba anayejitolea. Brantley Koob alisimama kabla sijamaliza sentensi. Brantley ndiye mchekeshaji wetu, hakuna siku anayonipa nafasi ya kupumua.

"Mwalimu Haverkamp," alisema kwa adabu ya kuigiza. "Naomba kuuliza. Hiyo sweta yako yenye picha za maboga, uliinunua au uliadhibiwa? Asante kwa muda wako."

Darasa liliangua kicheko. Hata mimi nilicheka, maana hatua zote tatu alizifuata.

"Mwingine," nilisema. "Swali la kweli safari hii."

Mkono ulioinuka ulikuwa wa Wrenna. Kwa wiki tisa sikuwahi kuuona juu. Alisimama, akashika ukingo wa dawati, akaniangalia usoni kama nilivyowafundisha.

"Mwalimu Haverkamp. Naomba kuuliza. Kama kazi zangu zote ni mbaya, nianze kurekebisha wapi? Asante kwa muda wako."

"Kazi zipi, Wrenna?"

"Ninazoweka kwenye trei."

Nilihisi hasira kidogo, nikaimeza. "Mpenzi, hujaweka kazi hata moja kwenye trei tangu shule ifunguliwe."

Ni Brantley aliyejibu, na safari hii hakuwa anacheka.

"Anaweka kila siku, mwalimu. Mimi ndiye namfuata kwenye foleni."

Nilikwenda kwenye trei, nikapekua karatasi za asubuhi ile zilizokuwa bado hazijatoka. Ya tano ilikuwa ya hesabu, maswali kumi na mawili, mwandiko mdogo ulionyooka. Haikuwa na jina. Niliiinua.

"Hii?"

"Yangu," alisema Wrenna.

"Mbona haina utambulisho?"

Alikuja mbele. Aliweka kidole kwenye kona ya juu, juu ya namba 17 iliyoandikwa vizuri na kuzungushiwa duara.

Namba ile niliijua. Nilikuwa nimeiona mara nyingi mno, alasiri baada ya alasiri, nikizitumbukiza karatasi sandukuni.

"Nilidhani ni namba ya ukurasa," nilisema.

"Kila siku ukurasa wa kumi na saba, mwalimu?" aliuliza Brantley.

Hakuna aliyecheka. Akaendelea, kwa sauti ya chini: "Kule shule ya kati tulikotoka, darasani kwa Bi Fenske, hatukuandika majina. Kila mtu alikuwa na namba yake, ili tukisahihishana tusijue ya nani ni ya nani. Mimi nilikuwa tisa. Ulikuwa ukiandika jina unarudishiwa uandike upya. Yeye alikaa huko miaka mitatu."

"Na wewe ulijua anaandika namba? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Nilidhani mmekubaliana."

Niligeuka nikasoma sheria yangu ukutani, kwa mara ya kwanza kama mgeni. Utambulisho. Hakuna mahali nilipoandika jina. Neno hilo nililichagua mwenyewe kwa sababu nililiona lina heshima zaidi. Mtoto alikuwa ameitii sheria yangu neno kwa neno tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyezitupa kazi zake.

"Niletee shajara yako," nilimwambia.

Aliileta. Kila ukurasa una safu tatu: kazi, tarehe, na alama ya vema ukishaiweka kwenye trei. Zilikuwapo zote arobaini na moja, kila moja na vema lake. Chini ya kila wiki palikuwa na sahihi yangu, nyota ya dhahabu ya kubandika, na maneno niliyoandika kwa mkono wangu: Safi sana, endelea hivyo! Wiki tisa, nyota tisa. Nilikuwa nikisaini kila Jumatatu bila kusoma, mimi ninayewakemea watoto kwa kusoma haraka. Niliona aibu.

Niliomba mwalimu wa chumba cha pili aniangalizie darasa. Nilichukua shajara na karatasi ile ya hesabu, nikaenda mbio kwenye korido kwa viatu vya kisigino. Mwalimu wa hesabu alisahihisha nikiwa nimesimama mbele yake, nikamwomba asiniulize kitu. Kisha nikaingia kwa mkuu wa shule, Bi Osterhaus, mwanamke asiyepoteza maneno. Saa yake ilionyesha saa tisa kasoro dakika ishirini.

Nilimweleza. Alifunua shajara ukurasa kwa ukurasa.

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu."

"Zote?"

"Zote."

"Ulisoma ulichokisaini?"

"Sikusoma."

Alivua miwani, akaifunga shajara. Kisha akatoa fomu ya kubadilisha alama. Ina kisanduku kimoja cha kosa la mwanafunzi na kingine cha kosa la mwalimu. Kwa miaka kumi na moja kile cha pili sikuwahi kukigusa. Nilikiwekea alama kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, nikaandika chini: sifuri zote arobaini na moja zifutwe. Bi Osterhaus alisaini, akampigia Carl simu, akasema maneno mawili tu: "Pruitt anaandamana." Nilisikia Carl akipiga kelele za furaha upande wa pili, na mimi sikuweza hata kutabasamu.

Wrenna alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya darasa langu, begi miguuni, mifuko yake imepangwa kama nilivyofundisha. Nilikaa kando yake.

"Utapiga Jumamosi," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye karatasi mkononi mwangu. Nilimpa. Juu, kwa wino mwekundu, iliandikwa kumi kati ya kumi na mbili. Aliigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Kwa hiyo si sifuri?"

"Hapana."

"Nilipoona sifuri kwenye kompyuta nilidhani nimekosa yote," alisema. "Kila siku. Nikasema labda nikiandika vizuri zaidi. Nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri kuzirudia. Mama aliniambia hata mjinga hupata moja kwa bahati."

Wiki tisa mtoto huyu aliamini hawezi kupata hata jibu moja, na kila asubuhi akaja akaweka nyingine kwenye trei yangu.

"Sifuri zile hazikuwa zako," nilimwambia. "Zilikuwa zangu. Nisamehe, Wrenna."

Alitoa kalamu kwenye mfuko wa kalamu. Pembeni ya ile 17 aliandika jina lake lote, Wrenna Louise Pruitt, polepole, japo karatasi ilikuwa imeshasahihishwa. Kisha akanyoosha mgongo, akaniangalia usoni.

"Mwalimu Haverkamp," alisema. "Naomba kuuliza. Zile arobaini nyingine ziko wapi? Nataka tu kujua nilipata ngapi. Asante kwa muda wako."