Nani Amejaribu?

Wazee wa chama cha kompyuta cha Bochum, Ujerumani, waliunda mashine zao wenyewe, wakazitia mfumo endeshi wa kampuni iliyoruhusu utumike kwenye kompyuta zake tu. Sheria yao ilikuwa moja: usisasishe kabla mwenzako hajajaribu, maana mashine huenda isiwake tena.

Lakini kuanzia Jumatatu, programu iliyohifadhi nyimbo za kwaya alizotunga Detlef, mmoja wao, isingefunguka kwenye mfumo wa zamani.

“Manfred, umejaribu?” aliuliza walipokutana baa.

“Nakungoja wewe, bwana!”

“Na wewe, Ulrich?”

“Mimi nina mke, sina wazimu.”

Walicheka, kisha kila mmoja akainamia bia yake.

Nyumbani, Detlef alisogeza kidole kwenye kitufe, akakirudisha. Akachukua kalamu, akaanza kunakili nyimbo kwa mkono, ukurasa wa kwanza kati ya mia nne.