Picha za Mama Gerson

Filemoni alifungua folda mpya kwa mara ya tano. Maandishi ya tovuti yalikuwepo yote, picha hakuna hata moja.

Asubuhi ile alikuwa akihamisha tovuti ya wazee wa misheni kutoka folda ya zamani kwenda mpya, kwenye seva moja ileile iliyokuwa ikinguruma katika duka lake la intaneti, Masasi. Nakala ya akiba alikuwa nayo. Lakini kwao Kitangari mbegu hutunzwa darini juu ya jiko, chini ya paa moja na chakula, naye kwa mazoea hayo akaiweka nakala ndani ya folda ileile ya zamani. Alipodhani picha zimehama, akaifuta folda nzima. Nakala ikaenda nayo. Picha zenyewe za karatasi zilishaliwa na mchwa huko Newala.

Mama Gerson, mwalimu mstaafu aliyezikusanya, aliingia akijipangusa vumbi la safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zimehama?"

"Nimezifuta, mama. Zote, na akiba yake."

"Si wewe uliyesema mashine haina mchwa?"

Mama akavuta kiti.

"Basi shika kalamu. Andika waliokuwa kwenye ile ya mwaka hamsini na mbili, kabla na mimi sijasahau."

Alitaja kumi na mmoja, kidole kikifuata mstari wa mbele hewani. Kwenye mstari wa nyuma kidole kilisimama.

"Huyu aliyeshika kofia. Wewe ndiye uliyeziingiza kwenye mashine, Filemoni. Chini yake, kwenye karatasi ya picha, niliandika jina la nani?"

Filemoni hakukumbuka hata hiyo kofia.