Kikapu Kisicho na Majina

Dada wa mgombea udiwani ndiye aliyekuwa mweka hazina wa kampeni, na kosa lilikuwa lake. Siku ya mkutano alipitisha kikapu kama alivyozoea kwenye ibada: watu wakatia walichokuwa nacho huku wakiangalia pembeni. Sasa walikuwa kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi, ilibaki saa moja dirisha la kupokea fomu lifungwe, na fomu ya michango ilitaka jina la kila aliyechangia.

"Kaka, mchango usio na jina hauruhusiwi. Watakuengua."

"Basi jaza majina! Shangazi, binamu, hata marehemu babu. Kwani atakataa?"

Kaka alicheka peke yake. Chini ya fomu palikuwa na kiapo, na mahali pa saini ya dada.

"Miaka kumi naihangaikia nafasi hii," kaka alisema, sasa kwa upole. "Sisi ni tumbo moja, dada yangu."

Dada aliomba kimoyomoyo, akangoja. Hakusikia chochote. Akaandika "hawajulikani", akasaini, akaisukuma fomu chini ya kioo cha karani.

Karani aliisoma, kisha akachukua kalamu nyekundu. Dada aligeuka kumtazama kaka yake. Kiti alichokuwa amekalia kilikuwa kitupu.