Kahawa Iliyopandwa Makunduchi

Mwalimu Gaudiosus wa Nyakatuntu, mkoani Kagera, alifundisha miaka thelathini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuna kosa aliloliadhibu kwa fimbo nzito kuliko uongo. Ndoa yake ilipotimiza miaka hamsini, binti yake Joanitha aliwapeleka, yeye na mkewe Pulkeria, wakapumzike Unguja wiki moja katika nyumba ya wageni ya Bi Mwanakombo, kijijini Makunduchi.

Siku ya kwanza waliandaliwa pweza wa nazi na mkate wa ufuta. Mwalimu, mtoto wa wafugaji aliyekuzwa kwa maziwa, aliisukuma sahani kwa kidole kimoja. Pulkeria alikula, akalamba vidole, akaomba tena.

"Mama Joanitha, tuko ugenini," Mwalimu alimnong'oneza.

"Ndiyo maana nakula, Mwalimu. Nyumbani nani atanipa mdudu wa miguu minane?"

Bi Mwanakombo alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Asubuhi ya tatu, baada ya kahawa chungu na kashata, Pulkeria alifungua fundo la kitenge chake, akatoa akamwani: buni alizozichuma mwenyewe shambani, akazichemsha na majani ya harufu nzuri, akazianika juani zipate kutafunwa. Kwao, mtu unayemheshimu hukosi kumpa hizo. Alipiga goti, akamnyooshea Bi Mwanakombo kwa mikono miwili.

Meza ya pili walikuwapo wageni wawili kutoka mjini, wenye miwani ya jua.

"Hizo nini, bibi?" mmoja aliuliza. "Mavi ya mbuzi?" Mwenzake akaangua kicheko.

Mwalimu alihisi masikio yakimwaka moto. "Ni mbegu," alisema upesi, kabla mkewe hajafumbua kinywa. "Mbegu za mibuni. Amekuletea uzipande, Bi Mwanakombo."

Pulkeria alimtazama. Kwa malezi yake hakuwahi kumkanusha mumewe mbele za watu. Aliinuka polepole, akapangusa goti.

"Mbegu! Kutoka Kagera mpaka kwangu!" Bi Mwanakombo alizipokea kama dhahabu.

Kesho yake aliwaita uani. Chungu kipya kilikuwa kimejazwa udongo mweusi, buni zote zimefukiwa humo, na maji yamekwisha kumwagwa.

"Haya, Mwalimu, wewe ndiye msomi. Zitaota baada ya siku ngapi? Na mti wenyewe nitauita Pulkeria."

"Inategemea..." alianza, akakoma. Uongo wa jana ulikuwa ukidai mwenzake. Alimgeukia mkewe, akitumaini atamwokoa kwa mzaha wowote. Pulkeria alikuwa ameinamisha uso, na hapo Mwalimu akatambua kwamba fedheha aliyoikimbia yeye alikuwa amembebesha mkewe.

"Hazitaota," alisema. "Zimechemshwa. Si mbegu, Bi Mwanakombo. Ni za kutafuna, na kwetu ni heshima kubwa. Nilimwonea haya mke wangu mbele ya wale wageni, nikasema uongo."

Bi Mwanakombo alikitazama chungu chake. "Na mimi je, Mwalimu? Uliniona sitajua kupokea heshima?"

 Mwalimu alipiga magoti, mzee wa miaka sabini na sita, akaanza kuzichimbua moja moja kwa kucha. Alipozimaliza, alimnyooshea mkewe.

"Mpe tena, mama. Mpe wewe mwenyewe."

Pulkeria aliziangalia kwa muda mrefu.

"Zimelala udongoni, Mwalimu. Ninayemheshimu simpi kilichofukuliwa." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Kisha alimshika Bi Mwanakombo mkono. "Twende jikoni, dada, nikusaidie kukuna nazi."

Wakaenda. Baada ya muda Mwalimu alisikia vicheko vyao. Hakujua kama walimcheka yeye, wala hakuwa na uso wa kwenda kuuliza. Alibaki pale amepiga magoti, viganja vimejaa, asijue aziweke wapi.