Mhojiwa Namba Saba

Bi Chiku Idrisa alinikaribisha barazani kwake, Kariakoo, akanionesha ufa ukutani. Vidole vyangu vinne viliingia. Jirani alikuwa anachimba msingi wa ghorofa, hatua tatu tu kutoka kitanda cha mama huyu.

"Nimemwendea mara tatu," alisema. "Nimemwambia ukuta huu umechoka kuliko mimi, na mimi nina presha. Andika, mwanangu. Na jina langu liandike lote, Chiku binti Idrisa."

"Mama, utafiti hauandiki majina. Ni kwa usalama wako."

"Usalama wangu ni huo ukuta."

Nilicheka, nikampa fomu atie saini. Sisi watu wa sheria bwana, tukishashika fomu hatusikii la mtu. Kwenye ripoti yetu kuhusu haki za wakazi wa miji inayokua, aliingia kama Mhojiwa Na. 7, mwanamke, miaka 61. Ripoti ilipopitishwa nilichana fomu na kufuta sauti nilizorekodi, kama kanuni zinavyotaka. Tuliizindua kwenye hoteli moja Posta, tukapigiwa makofi, tukala biriani. Nilijiona mtu.

Masika ilipoingia, ukuta ulimwangukia Bi Chiku akiwa amelala. Alikufa palepale.

Binti yake, Moza, alinifuata ofisini. Alikuwa amemshtaki yule jirani mwenye ghorofa, ambaye alidai hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu ukuta.

"Kaka Isidori, mama alisema yule mtafiti alimweleza yote. Si ndiye wewe?"

Nilimpa ripoti. Kwenye ukurasa wa arobaini alikuta maneno ya ukuta na presha, akaanza kulia.

"Ni yeye. Nani mwingine anaongea hivi?"

Nikamwahidi nitatoa ushahidi. Bosi alinikumbusha kiapo cha siri. Nikamjibu kwamba marehemu mwenyewe alitaka jina lake liandikwe. Nilijua kesi nzima imebaki mikononi mwangu, na kwa mara ya kwanza niliiogopa kazi yangu.

Mahakamani, wakili wa mwenye ghorofa alinikabidhi ripoti yangu kwa upole.

"Ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho. Tusomee."

Nikasoma: "Fomu na sauti zote zimeharibiwa. Hakuna anayeweza kumtambua mhojiwa yeyote, wakiwemo watafiti wenyewe."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Uliandika kweli au uongo?"

Nikisema ni kweli, basi simjui Bi Chiku. Nikisema ni uongo, nani ataniamini kwa lolote? Hakimu alinitazama juu ya miwani, akasubiri, kisha akainama kuandika. Niliona aibu hadi masikioni.

Nje, Moza hakunigombeza. Aliniomba kalamu tu. Alifungua ukurasa wa arobaini, akakata Na. 7, akaandika juu yake jina la mama yake, lote. Akanirudishia ripoti, akaondoka.